Mnadani unanunua nyama au maji?

Pale ambapo mzani haupo, mnunuzi wa ng'ombe Karagwe na Kyerwa hukadiria kwa jicho. Hutazama tumbo, pembe, na pengine uso wa muuzaji, kisha hutaja bei. Pembe za ng'ombe wa Ankole zinapendeza kwenye picha, lakini bucha halinunui pembe. Tumbo nalo ndilo linalodanganya kuliko vyote.

Njia rahisi ya kujikinga imefanyiwa kazi sana na wataalamu wa mnyama ambaye huku kwetu ni nadra kumwona, yaani farasi. Nagana inayoenezwa na mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika, vimemfanya mnyama huyo kuwa mtaji wa hatari katika sehemu kubwa ya ukanda huu. Kwingineko ni mali ya bei kubwa, naye hupewa chakula na dawa kulingana na uzito wake. Kwa kuwa si kila mfugaji ana mzani, watafiti walitafuta njia ya kuukisia.

Mwaka 1988 watafiti Carroll na Huntington walichapisha hesabu ambayo bado inatumika: zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa mwili, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 11,877. Jibu ni kilo. Kwa ng'ombe kigawanyo kilichozoeleka ni 10,840. Kinachotakiwa ni utepe wa fundi cherehani tu. Zungusha nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Mathalan, kifua cha sentimita 160 na urefu wa sentimita 130 vinatoa kilo 307 hivi. Hesabu hiyo haikutungwa kwa ajili ya Ankole, kwa hiyo itumike kulinganisha ng'ombe na ng'ombe, isichukuliwe kama mzani.

Kwa nini kifua na si tumbo? Farasi ana tumbo dogo na majani yake huchachushwa nyuma, kwenye utumbo mpana. Ng'ombe huyachachusha mbele, katika tumbo la kwanza ambalo ni kama pipa. Vilivyomo tumboni na kwenye utumbo wake vyaweza kuwa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wote. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na ng'ombe aliyelambishwa chumvi akakaa na kiu aweza kunywa lita 40 kwa mara moja. Tuseme bei ni Sh 5,000 kwa kilo ya ng'ombe hai. Hapo umelipa Sh 200,000 za maji kwa ng'ombe mmoja, na kwa lori la ng'ombe 15 umelipa Sh milioni 3. Maji hayo yote yatabaki njiani kabla hujafika Mwanza. Kifua hakijazwi namna hiyo.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo mnunuzi mwerevu hupata nafuu. Ng'ombe aliyeswagwa mbali bila kula hufika na ubavu uliobonyea. Kilo zinazotangulia kupotea ni za tumboni, nazo hurudi akishanywa na kula. Nyama haijaguswa. Safari ikizidi, mwili wenyewe huanza kuliwa, na hiyo huchukua wiki kurudi. Milima ya Karagwe ina gharama yake: kwa viwango vya lishe vya Uingereza, kupanda mita 1 kwenda juu humla ng'ombe nguvu karibu mara 10 ya kutembea mita 1 tambarare. Kilima cha mita 300 ni kama kumwongezea kilomita 3. Kwa wanaosafirisha kwa lori kwenda Mwanza, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko, na saa za njaa zimepungua.

Utajuaje kama amepoteza maji au nyama? Mshike. Mwaka 1983 Henneke na wenzake, huko Texas, walipanga hali ya mwili wa farasi katika daraja 9 kwa kupapasa mafuta shingoni, begani, mbavuni, kiunoni na penye shina la mkia. Waligundua pia kwamba farasi jike waliokonda hushika mimba kwa shida. Anayenunua mitamba kwa ajili ya kufuga ana sababu ya kupapasa vilevile. Mbavu zikihesabika kwa macho huku tumbo likiwa limejaa, huyo huenda amenyweshwa.

Kiangazi kina mtego wake. Protini ya majani makavu ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni hushindwa kuyasaga vizuri, na ng'ombe hukonda akiwa ameshiba. Migomba inayokatwakatwa kumlisha ni maji kwa sehemu kubwa. Inamwokoa na kiu, lakini haimnenepeshi.

Kabla ya utepe, papasa chini ya masikio na mbele ya bega. Tezi zilizovimba pamoja na homa ni dalili za ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Ng'ombe huyo usimpime wala usitaje bei. Mwenyewe aambiwe amwite mtaalamu wa mifugo.