Ramani za Uluguru na kadi ya gigabaiti 12

Anayerusha droni juu ya miteremko ya Uluguru kupima msitu hurudi mjini Morogoro na mamia ya picha. Kuziunga ziwe ramani moja ndiko kunakoielemea kompyuta, na hapo maswali ya kadi ya grafiki huanza. Programu kama Metashape huitumia kadi kulinganisha picha na kukokotoa umbali. QGIS sivyo: kazi zake nyingi hubebwa na prosesa, na anayenunua kadi kwa ajili ya QGIS pekee anatupa hela.

Kwenye kadi za bei ya kati, wengi hukimbilia namba kubwa. GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. RTX 3060 iliyotoka 2021 ina 12. Njia ya data kati ya chipu na kumbukumbu ni biti 192 kwenye ile ya zamani, ikipitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. Kwenye mpya ni biti 128 na gigabaiti 272. NVIDIA wameongeza kache ndani ya chipu kufidia pengo hilo, na kwenye magemu 4060 huwa mbele. Ila picha za droni zikishajaza kumbukumbu, kache haikuokoi.

Sifa ya 4060 ni umeme: wati 115 dhidi ya 170. Kwa studio inayotegemea inveta umeme ukikatika, ningeichukua hiyo bila kusita.

Mtihani mkubwa ni kompyuta yenyewe. Dell na HP za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya mara nyingi zina pawa saplai isiyofika wati 300, tena haina waya wa pini nane ambao kadi hizi huhitaji. Nyingi zina sloti ya PCIe kizazi cha 3, na 4060 hutumia laini 8 tu za sloti hiyo, hivyo inabaki na nusu ya upana ambao 3060 inaupata kwa laini zake 16.

Kwa kazi ya ramani, basi, mimi ningenunua 3060. Lakini soma boksi: ipo 3060 nyingine ya gigabaiti 8, yenye biti 128 tu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomeke na afungue GPU-Z, programu ya bure. Itakuonyesha biti na kumbukumbu, na ikigundua chipu iliyobadilishwa jina huandika FAKE mbele yake.