Mzazi asiyejua noti na mtoto anayejifunza piano

Mwalimu wa piano humwona mwanafunzi wake kwa muda wa nusu saa au saa moja tu kwa wiki. Siku zinazobaki, mtoto hujifunza nyumbani, mbele ya mzazi ambaye pengine hajawahi kugusa chombo hicho. Je, mzazi huyo anaweza kusaidia? Makala yetu ya wiki hii kutoka Sydney yanatoa jibu.

Mpenzi msikilizaji, naanza na kisa changu mwenyewe. Mimi nilikulia Tanga, katika nyumba ambayo chombo pekee cha muziki kilikuwa redio. Binti yangu alipoanza masomo ya piano hapa Sydney, nilidhani wajibu wangu ni kulipa ada na kusimamia nidhamu. Nilikuwa nikikaa jikoni na kupaza sauti: "Umekosea! Rudia!" Jioni moja aliacha kupiga, akaniuliza: "Baba, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Akafunga kifuniko cha piano, na kwa wiki nzima hakukifungua.

Sikio halihitaji noti

Swali lile lilinikumbusha bibi yangu. Hakujua kusoma, lakini kila siku baada ya Magharibi alinikalisha mkekani nimsomee niliyofundishwa chuoni. Herufi hazikuwa na maana kwake, ila aliposikia nimesita, aliniambia kwa upole: "Hapo hapajakaa sawa, mjukuu wangu. Pasome tena." Kosa hasa hakulijua. Alijua mahali lilipo, na hilo lilitosha.

Utafiti uliofanyika katika jimbo hili la New South Wales unaonyesha kwa nini msaada wa namna hiyo una thamani. Kuanzia mwaka 1997, Profesa Gary McPherson na wenzake waliwafuatilia watoto 157 wa shule za msingi waliokuwa wakianza kujifunza ala za muziki, hasa za kupuliza. Baadhi yao walirekodiwa kwa video wakifanya mazoezi nyumbani. Ilibainika kwamba sehemu kubwa mno ya muda wao waliitumia kupiga kipande mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, bila ya kurudi pale palipowashinda.

Hapa ndipo mzazi anapohitajika. Kusitasita husikika na kila mwenye masikio. Mwulize mtoto: "Ni wapi palipokuwa pagumu?" Kisha mwombe akipige kipande hicho kidogo peke yake, polepole, kwanza kwa mkono mmoja, halafu kwa mikono yote miwili. Kikishakaa sawa, aunganishe na kilichotangulia.

Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa mwaka 1898 na ambaye njia yake ya kufundisha inatumika hata hapa Australia, alimpa mzazi nafasi kubwa zaidi. Katika njia hiyo mzazi huhudhuria masomo pamoja na mtoto, na hujifunza hatua za mwanzo ili aweze kumwongoza nyumbani. Asiyeweza kufanya hivyo anaweza angalau kumwomba mwalimu aandike katika daftari mambo mawili au matatu ya kufanyiwa kazi wiki hiyo.

Wakati na jirani

Kwa mtoto anayeanza, dakika kumi na tano za kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Chagua wakati usiobadilika, kwa mfano mara baada ya chai ya jioni. Kwa wanaoishi katika majengo ya ghorofa, kanuni za New South Wales zinakataza sauti ya ala za muziki kusikika ndani ya nyumba ya jirani kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Siku za Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu ya umma, katazo huanza saa sita usiku. Kwa hiyo mazoezi ya alfajiri kabla ya shule yanafaa kwa piano ya umeme yenye visikilizio vya masikioni.

Na mzazi anayefanya kazi za zamu za usiku? Mtoto anaweza kujirekodi kwa simu, kisha wakasikiliza pamoja wanapokutana. Kusikilizwa ndiko kunakompa mtoto sababu ya kuendelea.

Mitihani si mbio

Wanafunzi wengi hapa hufanya mitihani ya Bodi ya Mitihani ya Muziki ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1918. Madaraja yake huanzia la maandalizi, hupanda hadi la nane, na baada ya hapo huja stashahada. Ni rahisi kwa mzazi ugenini kuyageuza madaraja hayo kuwa mashindano baina ya familia. Mwachie mwalimu aamue ni lini mtoto yuko tayari.

Nyumbani kwetu, kifuniko kilifunguliwa tena siku niliyohamia kiti cha pembeni na kumwomba binti yangu anifundishe mimi wimbo wake wa kwanza. Vidole vyangu vilikuwa vizito, naye akacheka. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mwalimu: "Baba, hapo umesita. Rudia polepole."

Mpenzi msikilizaji, haraka haraka haina baraka. Hadi wiki ijayo, kwaheri.