Hesabu ya Betri: Usiweke Msumari Mahali pa Fyuzi

Ndugu wanakikundi, mkiwasha taa kwa betri ya volti 12, iwe ya gari au ya sola, jueni mambo matatu. Volti ni msukumo, kama wa tangi la maji lililo juu ya vilima vyetu vya Nyamira. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Omu ni ukinzani, kama bomba jembamba.

Mjerumani Georg Ohm alieleza mwaka 1827: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Balbu ikiwaka ina omu 6: 12 ÷ 6 = ampea 2. Ni salama. Lakini nyaya zikigusana, ukinzani wote ukabaki omu 0.1, ni ampea 120! Waya utashika moto. Fyuzi ya ampea 5 itakatika upesi, msumari hautakatika. Kagueni fyuzi zenu leo.