Ngozi ya Avata na Mwanga wa Nairobi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliiacha ngozi ya avata ikiwa picha bapa, imetiwa rangi na kuvishwa mwili wa kidijitali. Leo tuiwashie taa, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri za vijana wetu huharibikia.

Ngozi ya binadamu hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja hudunda papo hapo juu ya ngozi, tukaiona kuwa ni mng'ao. Nyingine huzama, ikatawanyika ndani, kisha ikatoka imebeba rangi. Mng'ao wa juu, mwanga ukija uso kwa uso, ni takriban asilimia 3 tu, mtu awe mweusi au mweupe. Tofauti iko kwenye ule unaozama: melanini, rangi asilia iliyo nyingi katika ngozi nyeusi, huumeza. Ndiyo maana uso mweusi hudhihirisha umbo lake zaidi kwa mng'ao wa shavu, paji na ncha ya pua.

Mwaka 2001 mtafiti wa michoro ya kompyuta Henrik Wann Jensen na wenzake walitoa hesabu ya mwanga unaozama, nayo ikaenea katika filamu. Mwaka 2020 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale alilalamika kwamba fani hii imeuchukua mwanga wa ndani wa ngozi nyeupe kuwa ndio kipimo cha ngozi ya binadamu. Naungana naye. Ukimnyima avata mweusi mng'ao wa juu, uso wake hupooza kama majivu, na wasanii wengi hukimbilia kuipausha rangi. Hapo wanambadilisha mtu ilhali kasoro ni ya taa.

Nairobi nayo ina mwanga wake. Iko kusini mwa Ikweta kwa zaidi kidogo ya digrii moja, hivyo Machi na Septemba jua husimama karibu utosini. Mtazame anayevuka Kenyatta Avenue saa sita u nusu: macho yamezama kivulini chini ya nyusi, pua imeangusha kivuli mdomoni. Julai mambo hugeuka. Mawingu huifunika Westlands na Lavington, mwanga ukaja kutoka kila upande na uso ukalainika. Usiku, Kangemi, taa ya mulika mwizi humwaga mwanga kutoka juu ya mlingoti. Na chini ya taa kuukuu za sodiamu, zenye rangi ya chungwa, kitenge cha samawati huonekana cheusi.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuchora mng'ao ndani ya rangi yenyewe. Msanii hutia doa jeupe kushoto mwa pua kwa kuwa taa ya programu yake iko kushoto. Mnunuzi akiingia mandhari ambayo jua lake liko kulia, pua hiyo moja inaangazwa na majua mawili. Rangi ibaki bapa. Mng'ao upewe picha yake ya pembeni, inayoiambia injini ya gemu kwamba midomo ni laini na viwiko ni vikavu.

Tangu Andrew Kaggia atoe Nairobi X mwaka 2015, gemu ambayo jiji hili ndilo uwanja wake wa mapambano, wachezaji wetu wana haki ya kujiona walivyo. Wewe unayechora, kabla hujaiuza ngozi, ijaribu kwa jua la utosini, kwa mawingu ya Julai na kwa taa ya barabarani. Ikishindwa hata kwa mwanga mmoja kati ya hiyo, irudishe mezani.

Wiki ijayo tutaingia kwenye nywele.