Kamera Mpya na Siri ya Nyumba ya Arusi

Ahadi ni deni. Nilikuwa nimemwahidi mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa Kisauni, kwamba akimaliza masomo nitamsindikiza mjini kununua kamera ya dijitali. Binti huyu ameazimia kupiga picha katika arusi za wanawake, kule ndani siku ya kupamba, ambako mwanamume hatii mguu na ambako siku hizi simu za wageni huwekwa mlangoni. Mama yake alikuwa amempa Sh60,000, fedha za chama.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nataka ile yenye megapikseli nyingi kuliko zote."

Nikamtolea picha yangu ya zamani. Katika miaka ya 1990 palikuwa na vibanda vya wapiga picha karibu na kivuko cha Likoni, wametundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Nami nilisimama mbele ya meli mojawapo kama nahodha, ilhali safari yangu ilikuwa ya kuvuka feri tu. Picha ile ni ya inchi 6 kwa 4.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu tupige hesabu." Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha nzuri ya karatasi huhitaji nukta 300 katika kila inchi. Basi picha kama yangu yataka nukta 1,800 kwa 1,200, yaani megapikseli 2 na kidogo. Kamera ya megapikseli 24 yatosha karatasi ya inchi 20 kwa 13, na ni nani mwenye albamu ya ukubwa huo? Mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliandikwa kwenye kaseti kwa sekunde 23. Tangu hapo nukta zimeongezeka hadi si tatizo tena. Tatizo ni mwanga.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale; huona kwa mwanga uingiao kutoka kwenye vitu. Kamera nayo ni jicho. Penye filamu zamani, sasa pana sensa, kibamba kinachopokea mwanga. Katika kamera kubwa kibamba hicho ni milimita 36 kwa 24. Katika nyingi za bei ya kadiri ni kama 23 kwa 15. Na katika simu ni kidogo mno. Kikiwa kikubwa, hukusanya mwanga mwingi, na arusi zetu ni za usiku.

Kisha tazama lenzi. Imeandikwa tarakimu baada ya herufi f, na hapa ndipo wengi hupotea, kwani tarakimu ndogo ndiyo yenye mlango mpana. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko ya f/5.6. Asiye na lenzi kama hiyo hulazimika kupandisha ISO, na ISO ikizidi, hina na piko mikononi mwa bibi arusi huonekana kama zimemwagiwa mchanga. Ama zumu, iulize kama ni ya lenzi au ya dijitali, maana hii ya pili hukata tu kipande cha picha na kukikuza.

Dukani tulioneshwa kamera iliyokwisha kutumika. Nikamulika tochi ndani ya lenzi, nikaona nyuzi nyeupe kama za buibui. Ni kuvu, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu huipenda sana. Tukairudisha. Lenzi hutunzwa katika mkebe usiopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu.

Lakini la kumwambia binti huyu lilikuwa jingine, nami nalisimulia hapa kwa idhini ya mama yake. Dada yangu alipoolewa mwaka 1994, filamu ilipelekwa studio kusafishwa. Mwezi haujaisha, ami yetu alipita barabarani akamkuta bibi arusi, kichwa wazi, amening'inia katika kioo cha mbele cha studio ile. Mwenyewe hakukusudia ubaya. Aliona picha nzuri akaitundika. Dada yangu hakutoka nje wiki nzima. Ami alilipa ili picha irudi nyumbani pamoja na filamu yake, na shauri likaisha, kwa kuwa filamu ilikuwa moja.

Kadi ya leo si kama filamu. Picha hunakiliwa mara elfu bila alama. Hata ukiifuta, mara nyingi kamera hufuta jina lake tu katika orodha. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na mwenye ujuzi huweza kuitoa. Tena kamera nyingi za sasa hurusha picha hewani hadi kwenye simu.

Binti alinyamaza kitambo. Kisha akachagua kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya f/1.8, na chenji akanunua kadi ndogo ndogo sita. "Kila arusi na kadi yake, mjomba," akasema. "Bei yake nitaitia katika malipo yangu, na bibi arusi ataondoka nayo. Na ule urushaji wa hewani nitauzima kabla sijaingia ndani."

Tulipofika Kisauni akamweleza mamake. Dada yangu alifungua kabati, akaitoa ile picha ya mwaka 1994, akampa bintiye aitazame kwa mara ya kwanza.

Basi, msomaji, ukimwalika mpiga picha nyumbani kwako, muulize kamera yake, na lenzi yake. Lakini kabla ya yote, muulize kadi italala wapi usiku huo.