Gofu Japani: Unalipia Uwanja au Unalipia Mlango?

Mwingereza Charles Hugh Alison, msanifu wa viwanja vya gofu, alifika Japani mwishoni mwa 1930, na hadi leo viwanja vyake ndivyo vinavyotajwa kwanza huko. Ukitaka kuvicheza, kazi kubwa ni kupata njia ya kuingia.

Kimojawapo, Hirono, karibu na Kobe, kilifunguliwa 1932 katikati ya misonobari, mabwawa na makorongo. Ni cha wanachama. Usipokuwa na mwenyeji wa kukupeleka, pesa yako haisaidii kitu. Kununua uanachama kwenye klabu za hadhi hiyo usikuwaze. Karibu na 1990, uchumi ulipofura, uanachama wa Koganei jijini Tokyo uliuzwa kwa zaidi ya yen milioni 300. Watu walikuwa wakizinunua nafasi hizo kama hisa, kisha bei zikaporomoka.

Asiye na mwenyeji aende Kawana, mjini Ito kwenye rasi ya Izu, kama saa mbili kwa treni kutoka Tokyo. Hapo ukilala kwenye hoteli ya Kawana yenyewe, uwanjani unaingia. Vipo viwili: Oshima cha 1928, na Fuji, kazi ya Alison, cha 1936. Fuji ni ghali zaidi, na sababu utaiona kwenye shimo la 15: njia inafuata ukingo wa jabali, bahari iko kushoto, na mpira ukipinda kidogo tu umeshapotea majini. Mabanka ya Alison ni marefu kwenda chini. Ukiwa ndani unaona ukuta wa nyasi na kipande cha anga. Kwenye grini wameotesha nyasi ya korai, ngumu, inayouvuta mpira upande wake hata pale macho yanapokuambia utanyooka. Kedi mwenyeji anaijua vizuri kuliko wewe, msikilize.

Mfuko ukiwa mwembamba, kuna Wakasu, uwanja wa umma ulio juu ya ardhi iliyojazwa katika Ghuba ya Tokyo. Usitafute majabali wala misonobari mikongwe hapo. Utapata upepo, na nauli ya kufika ni ndogo.

Popote utakapokwenda, bei ya tangazo haijakamilika. Kuna kodi ya uwanja, kiwango cha kawaida yen 800 kwa siku, na inaweza kufika 1,200. Wajapani hucheza mashimo tisa, wakaenda kula, ndipo wakamalizia tisa mengine; chakula hicho wakati mwingine kimo ndani ya bei, wakati mwingine hakimo. Kedi naye huongeza gharama, na Jumamosi na Jumapili bei hupanda.

Mimi pesa yangu ningeipeleka Fuji, siku ya kazi, kwa usiku mmoja tu. Ila kabla hujalipa, waandikie uwaulize: kodi, kedi na chakula vimo?