Desemba Uchagani: siri iko kwenye sufuria

Wadau, kila Desemba Dar ikianza kuchemka kwa joto, mabasi ya Moshi yanajaa. Watu wanatania eti Wachagga wanaenda kuhesabiwa. Wala sio. Wanaenda kihambani.

Kihamba ni shamba la ukoo: migomba juu, kahawa chini yake, maji ya mfongo yanateremka toka mlimani. Makaburi ya mababu yako humohumo. Ndio maana hata mtoto aliyezaliwa Sinza lazima apelekwe wazee wamwone.

Na msosi unatoka hapohapo. Mtori, chakula maarufu cha mama aliyejifungua, ni ndizi mshare zinazochemshwa na nyama ya mifupa. Mifupa inatolewa, ndizi zinapondwa kwa mwiko mpaka supu inakuwa nzito. Mbuzi akichinjwa kuna kisusio, supu iliyotiwa damu (wengine mtakimbia, najua). Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Watoto wa mjini siku ya kwanza wananuna, siku ya tatu wanagombea bakuli.

Ishu ni kwamba vihamba vinagawanywa kila kizazi, vinabaki vipande, na wanaojua kupika ni bibi zetu. Kiburu, yaani ndizi na maharage, kinataka magadi. Nilimuuliza bibi kiasi gani. Akajibu, "Weka tu mjukuu wangu, utaona."

Nimejaribu Dar mara mbili. Bado sijaona.